Kile kivimbe ndicho dawa yenyewe: jibu kuhusu sindano ya miezi sita ya kuzuia VVU

*Swali:* Daktari, habari za kazi. Nina miaka 24, nauza nguo sokoni Busia, upande wa Uganda. Rafiki yangu amechomwa ile sindano mpya ya kuzuia VVU, ile ya miezi sita. Sasa ana vivimbe viwili tumboni, ukigusa unavisikia vigumu chini ya ngozi. Sokoni wengine wanasema ni plastiki inayoachwa mwilini, wengine wanasema ni chanjo iliyogoma. Mimi nataka kuchomwa lakini naogopa. Dawa gani inakaa mwilini nusu mwaka bila kwisha? Na nikiolewa, au nikichoka nayo, naacha tu?

*Jibu:* Dada yangu, hivyo vivimbe ndiyo dawa yenyewe. Si plastiki, si chanjo iliyogoma, wala si ugonjwa. Ukielewa kwa nini vipo, utaelewa pia kwa nini dawa inadumu miezi sita na kwa nini kuiacha hakufanani na kuacha vidonge. Mambo yote matatu yana mzizi mmoja: dawa hii haipatani na maji.

Mimi ni mfamasia, na kazi yangu ni kufundisha jinsi dawa inavyotengenezwa ili ifike inakotakiwa. Kwa hiyo utanisamehe nikikaa kidogo kwenye kemia, maana ndipo jibu lako lilipo.

Dawa inaitwa lenacapavir. Molekuli yake ni kubwa, na imebeba atomu 10 za florini. Florini hizo zinaifanya iwe ngumu kuvunjwa na ini, na umbo lake zima linayakataa maji. Kwa kawaida tabia hiyo ni balaa kwa mtengenezaji wa dawa, kwa sababu kidonge kisichoyeyuka tumboni hakifiki vizuri kwenye damu. Dawa nyingi nzuri zimeachwa maabara kwa kosa hilo tu. Hapa watafiti wa kampuni ya Gilead waliigeuza kasoro ikawa faida: kama dawa haitaki kuyeyuka, basi iwekwe mahali ambapo kutoyeyuka ndiko kunakotakiwa.

Mahali penyewe ni kwenye mafuta yaliyo chini ya ngozi, tumboni au pajani. Ukimwangalia nesi anapovuta dawa kutoka kwenye kichupa, utaona kimiminika cha rangi ya manjano, kinachopenyeza mwanga, hakina chembe hata moja. Humo dawa imeyeyushwa kwenye maji yaliyochanganywa na polietileni glikoli, kimiminika kinachotumika katika dawa nyingi. Jina lake linafanana na la plastiki, na huenda uvumi wa sokoni ulianzia hapo, lakini hiki ni kimiminika kinachochanganyika na maji na hakibaki pale. Mchanganyiko ukishaingia chini ya ngozi, kile kiyeyusho kinasambaa na kwenda zake, na dawa inabaki peke yake katikati ya majimaji ya mwili isiyopatana nayo. Inaganda hapo hapo. Kuanzia siku hiyo inamegeka kidogo kidogo kuingia kwenye damu. Kiasi kilichomo mwilini kinapungua kwa nusu kila baada ya wiki 8 hadi 12, na ndiyo maana sindano inayofuata inakuja baada ya wiki 26.

Usishangae sana, kwa sababu kina mama wa Uganda mmeishi na ufundi wa aina hii miaka mingi. Sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu inafanya kazi kwa njia inayokaribiana na hiyo: ndani yake mna fuwele ndogondogo za homoni zisizoyeyuka haraka, zinazokaa mwilini na kutoa homoni taratibu. Wengi wenu mnajichoma wenyewe nyumbani ile ya chini ya ngozi. Cabotegravir, sindano ya kuzuia VVU ya kila miezi miwili inayochomwa kwenye tako, nayo ni fuwele zilizosagwa zikawa ndogo mno. Lenacapavir imekwenda mbali zaidi kwa sababu mbili zilizokutana: haiyeyuki upesi, na ni kali kiasi kwamba kidogo sana kinatosha kumzuia kirusi.

Sasa rudi kwa rafiki yako. Kila dozi ni sindano mbili, kila moja mililita 1.5, ndiyo maana ana vivimbe viwili. Mwili ukikuta kitu kimeganda ndani yake, unatuma seli za ulinzi kukizunguka, na kuzungukwa huko ndiko kunakoongeza ule ugumu anaousikia. Katika jaribio kubwa lililofanyika Uganda na Afrika Kusini, wanawake waliopata lenacapavir na kuwa na mabadiliko pale walipochomwa walikuwa asilimia 68.8, na vivimbe ndivyo vilivyoongoza. Kwa hiyo mwenye kivimbe ni wa kawaida kuliko asiye nacho. Walioacha sindano kwa sababu ya hali hiyo walikuwa 4 tu kati ya zaidi ya 2,000. Kwa wengine kivimbe kinachukua miezi mingi kuisha, na mara nyingi vivimbe havitokei kwa wingi ule ule katika sindano zinazofuata.

Namsihi rafiki yako asivikande, asivichue kwa maji ya moto, na kwa vyovyote asikubali mtu avichanje. Najua kuna watu mitaani wanaojitolea kutoa uvimbe kwa wembe. Rafiki yako akikubali, atakuwa ametoa kinga yake na kujitafutia kidonda. Arudi kituoni kama ngozi juu ya kivimbe inakuwa nyekundu na ya moto, inatoa usaha, inabadilika kuwa nyeusi au inafunguka kidonda. Hayo yanaweza kutokea sindano ikiingia ndani ya ngozi badala ya chini yake, na ndiyo sababu dawa hii ichomwe na mtu aliyefundishwa, angalau sentimita 5 kutoka kitovuni, na upande ubadilishwe kila mara.

Kuhusu chanjo. Chanjo inaufundisha mwili kutengeneza kinga yake. Lenacapavir haifundishi chochote. Ni dawa inayomkuta kirusi na kumharibia kazi, ikiisha mwilini na kinga imeisha. Uganda imeitafuta chanjo ya VVU kwa moyo. Jaribio la kwanza la chanjo hiyo barani Afrika lilifanyika Kampala mwaka 1999. Karibuni zaidi lilikuwepo jaribio la PrEPVacc, likiongozwa na Profesa Pontiano Kaleebu wa taasisi ya utafiti wa virusi iliyoko Entebbe, na Masaka ilikuwa miongoni mwa vituo vyake. Novemba 2023 utoaji wa chanjo hizo ulisimamishwa baada ya kuonekana kwamba hazitazuia maambukizi. Iliuma. Lakini ndani ya mwaka mmoja tukapata habari ya lenacapavir, na waliotupatia habari hiyo ni wasichana wa rika lako.

Nikueleze walichofanya, kwa sababu wanastahili kutajwa. Lile jaribio kubwa nililolitaja linaitwa PURPOSE 1. Lilikuwa na vituo 25 Afrika Kusini na 3 hapa Uganda, na zaidi ya wasichana na wanawake 5,300 wa miaka 16 hadi 25. Wengine walipata sindano, wengine vidonge vya kila siku vya aina mbili tofauti, na hakuna aliyejua yuko kundi gani: aliyepewa sindano ya dawa alipewa na vidonge visivyo na dawa, na aliyepewa vidonge vya dawa alichomwa sindano isiyo na dawa. Matokeo yalitangazwa Juni 2024. Kati ya 2,134 waliopata lenacapavir hakuambukizwa hata mmoja. Kati ya 2,136 waliopewa kidonge kipya zaidi waliambukizwa 39, na kati ya 1,068 waliopewa kile cha zamani, Truvada, waliambukizwa 16. Nimesoma majaribio mengi ya dawa, na sifuri kwenye kundi la watu zaidi ya 2,000 walio kwenye hatari kubwa ni kitu nisichokitarajia kukiona. Jaribio la pili, PURPOSE 2, liliwahusu hasa wanaume wanaofanya mapenzi na wanaume pamoja na watu waliobadili jinsia, katika nchi kadhaa. Humo waliambukizwa 2 kati ya 2,179 waliopata lenacapavir.

Usichukue hesabu hizo kama ushahidi kwamba vidonge ni dawa mbovu. Miaka ya nyuma, jozi 4,747 za wanandoa wa Kenya na Uganda, mmoja ana VVU na mwenzake hana, walishiriki utafiti ulioonyesha kwamba vidonge vya aina ya Truvada vilipunguza maambukizi kwa asilimia 75. Hao walikuwa watu wanaojua hatari inalala nao kitanda kimoja, na mara nyingi mwenzao anawakumbusha. Msichana wa miaka 20 anayeishi na shangazi yake chumba kimoja ana maisha mengine. Kopo la vidonge linalia mkobani. Mpenzi akilikuta anauliza, "Kumbe una Ukimwi?" Mama mwenye nyumba akiliona, mtaa mzima umejua. Damu ilipopimwa kwenye PURPOSE 1 ilionekana kwamba wengi waliopewa vidonge hawakuvimeza mara kwa mara, na yalikuwa yameonekana hayo hayo kwenye tafiti za zamani. Kwa hiyo nikisikia mtu anawalaumu wasichana kwa "uzembe" nakasirika. Dawa inayomtaka mtu ajifiche kila siku ina kasoro ya utengenezaji, na ni kazi yetu sisi watengenezaji kuirekebisha.

Inamzuiaje kirusi? VVU hubeba vinasaba vyake ndani ya ganda lenye umbo la koni, lililojengwa kwa takriban protini 1,500 zinazofanana, zimeshikana vizuri sana. Zamani tulifundisha kwamba kirusi kikiingia kwenye seli, ganda linavunjika mlangoni na vinasaba vinaendelea na safari. Tafiti za miaka ya karibuni, zilizotumia darubini za elektroni zenye uwezo mkubwa, zimeonyesha kwamba ganda linasafiri likiwa zima hadi kwenye kiini cha seli na kupenya kwenye matundu yake. Basi ganda ndilo gari na ndilo pasi ya kuingilia. Lenacapavir inajipenyeza kwenye mwanya kati ya protini moja na jirani yake. Ganda linakakamaa na kuharibika, linashindwa kushikana na protini za seli zinazolipitisha kwenye matundu, na hata seli iliyokwisha kuambukizwa inashindwa kuunda maganda mazuri ya virusi wapya. Mlango mmoja umefungwa mara tatu. Dawa nyingine za VVU zinapiga mahali tofauti kabisa, jambo ambalo nitalirudia sasa hivi maana lina faida kwako.

Swali lako la kuacha ndilo ninalotaka ulisome mara mbili.

Ukimeza vidonge na ukaacha, dawa inatoka mwilini upesi. Sindano hii haitolewi. Ikishaingia, inabaki ikimegeka hata ukibadili mawazo, na mabaki yake yanaweza kuonekana kwenye damu mwaka mzima baada ya sindano ya mwisho, au hata zaidi. Kuna kipindi kirefu hapo katikati ambapo dawa ipo lakini ni kidogo mno kuzuia maambukizi. Mtu akiambukizwa katika kipindi hicho, kirusi kinakutana na dawa dhaifu na kinapata nafasi ya kujibadilisha ili kiishi nayo. Wale wawili walioambukizwa kwenye PURPOSE 2 walikutwa na virusi vyenye badiliko la namna hiyo. Habari ya afueni ni kwamba kirusi kilichoizoea lenacapavir hakijaizoea dolutegravir wala tenofovir, dawa tunazotumia Uganda kutibu VVU, kwa sababu zile hazigusi ganda. Matibabu bado yapo. Lakini hakuna sababu ya kufika huko.

Kwa hiyo ukitaka kuacha, na bado uko kwenye hatari, anza kinga nyingine kabla wiki 28 hazijapita tangu sindano ya mwisho. Inaweza kuwa vidonge au cabotegravir. Tarehe ya sindano ina nafasi ya wiki mbili mbele au nyuma. Ukizidisha hapo, unapimwa upya na kuanza kama mgeni. Kama huna hatari tena, kwa mfano mmepima wote wawili na mnaaminiana, unaweza kuacha, ila endelea kupima mwaka huo.

Umetaja kuolewa. Kuolewa peke yake si kinga, na wewe wa Busia, mji wa mpakani, umeona ndoa za kutosha kulijua hilo. Ukishika mimba usikimbie sindano: kwenye PURPOSE 1 mamia ya wanawake walishika mimba wakiwa ndani ya utafiti na wakaruhusiwa kuendelea, na hakuna dalili mbaya iliyojitokeza kwa mama wala mtoto. Mwambie mkunga tu. Sindano ya uzazi wa mpango nayo inaweza kwenda pamoja na hii. Lenacapavir haizuii mimba, haizuii kaswende wala kisonono, na kondomu bado ina kazi yake.

Kuna jambo moja ambalo watu wanalipita haraka wakati wa maelezo, nami naliona likiharibu kinga ya mtu. Kwa kuwa dawa iliyoganda inatoka polepole, siku za mwanzo damu haijapata ya kutosha. Ndiyo maana siku ya sindano unameza vidonge viwili, na kesho yake viwili vingine. Vile vya kesho yake unapewa uende navyo nyumbani, kwenye bahasha ndogo. Mtu anafika nyumbani, anaona amekwisha chomwa, anaviacha kwenye mkoba. Vimeze. Ndivyo vinavyokulinda hadi dawa ya chini ya ngozi iamke.

Na kama umewahi kuambiwa una kifua kikuu, au unatumia dawa za kifafa, sema kabla hujavuta blauzi. Rifampicin ya kifua kikuu inalisukuma ini liivunje lenacapavir haraka, na florini zote zile hazifui dafu. Nesi akijua atakupa dozi ya ziada. Carbamazepine na phenytoin nazo zina tabia hiyo.

Bei najua utauliza. Marekani iliidhinisha lenacapavir kwa kinga Juni 2025, na bei iliyotangazwa huko ni zaidi ya dola 28,000 kwa mtu mmoja kwa mwaka. Iliponifikia habari hiyo niliwafikiria wasichana wa vile vituo vitatu vya Uganda, ambao bila miili yao dawa isingeidhinishwa. Bahati nzuri, Oktoba 2024 Gilead iliwapa watengenezaji sita wengine ruhusa ya kuitengeneza kwa ajili ya nchi 120, na Uganda imo. Septemba 2025 ikatangazwa kwamba kuanzia 2027 itapatikana kwa takriban dola 40 kwa mwaka, kama shilingi laki moja na nusu za kwetu. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza rasmi Julai 2025, kwenye mkutano wa Kigali, na likasema kipimo cha kawaida cha haraka cha VVU kinatosha kumwanzishia mtu sindano. Sentensi hiyo ina uzito kwa vituo vyetu vidogo, kwa sababu maana yake damu haihitaji kusafirishwa hadi maabara kubwa. Wakati huo huo, misaada ya Marekani ilipositishwa mapema 2025, huduma za kinga zilizolipiwa na misaada hiyo zilipunguzwa hadi zikabaki kwa wajawazito na wanaonyonyesha pekee. Tumepata dawa bora kuliko zote mwaka ule ule tuliopunguziwa fedha za kuifikisha kwa watu, na nadhani serikali zetu lazima ziiweke kwenye bajeti zao wenyewe badala ya kungojea.

Watafiti nao hawajasimama. Kuna toleo la lenacapavir la kuchomwa msulini mara moja kwa mwaka. Jaribio dogo la mwanzo lililochapishwa 2025 lilionyesha dawa bado inatosha kwenye damu baada ya wiki 56. Kuna pia kidonge cha mara moja kwa mwezi, MK-8527, na wanawake wa Uganda wamo kwenye utafiti wake pamoja na wa Kenya na Afrika Kusini. Ukialikwa kwenye utafiti kama huo, uliza kila unachotaka kuuliza, na kukataa ni haki yako.

Kwa sasa, nenda kituo cha afya kilicho karibu, omba kupimwa VVU, na useme unataka kinga. Huhitaji ruhusa ya mpenzi wala mume. Uliza kama lenacapavir imefika kwao au ni kituo gani cha wilaya kinaitoa. Wakikwambia bado, usirudi sokoni mikono mitupu: chukua cabotegravir kama ipo, au pete ya silikoni ya dapivirine inayokaa ukeni mwezi mmoja, ambayo kinga yake ni ndogo zaidi, au vidonge. Kama tatizo lako na vidonge ni lile kopo, mwambie mfamasia akufungie kwenye kipakiti cha kawaida kisicholia. Kuhama kutoka vidonge kwenda kwenye sindano, siku itakapofika, ni suala la kupimwa na kuchomwa siku hiyo hiyo.